Siku ya Tatu Mpe Jembe

"Shikamoo, dada. Unaondoka lini?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa na mtoto katika makao yale. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2015, nje kidogo ya mji wa Moshi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, begi bado liko begani, na aliyeniuliza alikuwa mvulana wa kama miaka sita, kaptura yake ya shule imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Nilicheka. Nikamwambia mbona ndiyo kwanza nafika. Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kutafuta kikombe cha uji.

Nilikaa pale miezi saba. Ilinichukua karibu muda wote huo kuelewa kwamba mtoto yule hakukosa adabu, wala hakuwa anatania. Aliuliza jambo moja tu ambalo kwake lilikuwa na maana kuhusu mtu mgeni. Majina alikuwa ameyajua na kuyasahau mengi.

Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya historia, na kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nyumbani nikituma barua za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa. Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka. Mkurugenzi wa makao alinieleza mapema, na kwa heshima, kwamba mshahara hakuna, ila chakula na mahali pa kulala vipo. "Utakuwa unajitolea," alisema. Chumba cha pili kutoka changu alilala binti wa miaka kumi na tisa kutoka Ulaya, ambaye naye alikuwa anajitolea. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa amelipa ili ajitolee, mimi nilijitolea nikitumaini kwamba siku moja nitalipwa. Neno moja lilitubeba wote wawili, na sikuacha kujiuliza limewezaje.

Saa kumi na moja alfajiri

Siku pale haikuanza na sisi. Ilianza na mama mlezi wa bweni la wadogo, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akawasha kuni na kuteleka sufuria la uji kabla jogoo hajamaliza kazi yake. Kisha alipita kitanda kwa kitanda, vile vitanda vya juu na chini, akipapasa mashuka kujua nani amekojoa. Hakuwagombeza. Alilivuta shuka, akalikunja, akalitupia kwenye beseni, akamnong'oneza mwenyewe aende kuoga kabla wenzake hawajaamka. Watoto walikuwa 41 na akina mama walezi watatu.

Sisi tuliingia saa kumi na mbili. Kugawa uji, kutafuta soksi ya pili, kukagua vichwa kama vina mapunye na vidole vya miguu kama vina funza, kuwapanga wa shule mstari mmoja hadi barabarani. Wakishaondoka kulikuwa na kufua, kupiga deki, kuchambua maharage, kubeba maji pale bomba linapokata. Saa nane mchana walianza kurudi wa madarasa ya chini. Makande au ugali, kisha madaftari. Jioni mpira, kuoga, sala, chandarua, taa.

Kazi nyingi kati ya hizo hazikuwa kwenye ratiba ya wageni. Ratiba yao, iliyobandikwa ofisini, ilianza saa tatu na kuishia saa kumi jioni: michezo, kuchora, Kiingereza. Tatizo la Kiingereza lilikuwa moja: kila aliyekuja alianza na rangi. Baada ya rangi, sehemu za mwili. Baada ya sehemu za mwili muda wake uliisha, akaja mwingine, akaanza na rangi. Watoto walizijua rangi zote. Waliziimba kwa sauti kubwa na uso wa mshangao, kama vile wanazisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba mgeni hupenda hivyo.

Nami nilitaka kufundisha. Siku mbili za kwanza nilikaa na darasa la sita nikiwaeleza Vita vya Majimaji. Siku ya tatu mama mlezi alinisubiri koridoni na beseni la mashuka. "Mwanangu," alisema, "si unajua wahenga walisemaje? Mgeni siku mbili." Hakumalizia. Nililijua lililobaki: siku ya tatu mpe jembe. Nikapokea beseni.

Daftari la wageni

Mwezi wa tatu nilipewa kazi niliyosomea bila kutarajia. Ofisi ilitaka orodha ya watu wote waliowahi kufika, iingizwe kwenye kompyuta ili waandikiwe barua za shukrani na kukumbushwa michango. Nikakabidhiwa madaftari matatu makubwa ya wageni, yaliyoanza mwaka 2003. Yalikuwa na safu kama za daftari la ofisi yoyote ya Tanzania: tarehe, jina, atokako, sababu ya kuja, sahihi.

Niliyasoma kama nilivyofundishwa kusoma nyaraka: kutazama kilichoandikwa, kisha kutazama ambacho hakikuandikwa. Wageni wa miaka ya mwanzo walikuwa mapadre, maofisa wa ustawi wa jamii, wauguzi. Kadiri kurasa zilivyosonga yakaongezeka majina ya Ulaya, Marekani na Australia, mengi kati ya Juni na Agosti, wakati vyuo vyao vimefungwa. Na kando yao, kila Desemba na kila mwisho wa Ramadhani, wakajaa watu wa kwetu: kwaya, vikundi vya vicoba, wafanyakazi wa ofisi fulani na fulana zao za rangi moja, maharusi, watu wanaosherehekea siku ya kuzaliwa. Sisi wenyewe wa chuo tuliwahi kwenda hivyo kwenye kituo kingine. Tulipeleka mchele, sabuni na soda, tukapiga picha tumewabeba watoto ambao hatukuwauliza kama wanapenda kubebwa, tukarudi kabla ya jua kuzama.

Katika safu ya sababu ya kuja, karibu wote waliandika maneno yaleyale: kuwaona watoto.

Jina la mama mlezi, aliyekuwa na miaka kumi na moja pale, halikuwa katika ukurasa wowote, kwa kuwa yeye hakuwa mgeni. Na hapakuwa na safu ya tarehe ya kuondoka.

Mnyororo kwenye mbuyu

Nyumba za namna hii hazikuletwa pwani yetu na ndege za watalii. Zina umri mkubwa kuliko nchi zetu.

Mwaka 1860 mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar, wakati soko la watumwa likiwa bado linafanya kazi mjini. Miaka michache baadaye kazi yao ikachukuliwa na shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 shirika hilo likafungua misheni Bagamoyo. Watoto waliolelewa pale walikuwa wa aina mbili hasa: walionunuliwa sokoni kwa fedha za misheni, na waliokamatwa na meli za Waingereza baharini kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Walipewa majina mapya na nguo mpya, na siku yao ikagawanywa kwa kengele: sala, shamba, darasa, karakana, sala. Waliokua waliozwa wao kwa wao na kupewa makazi katika kijiji cha Kikristo ndani ya ardhi ya misheni. Haikuwa rahisi. Kipindupindu kiliipiga pwani mwaka 1869 na 1870, na mwaka 1872 kimbunga kikabomoa sehemu kubwa ya majengo.

Paul Kollman, aliyeandika historia ya watoto hao, anatufanya tuone jambo ambalo picha za kumbukumbu hazionyeshi. Mtoto aliyeokolewa alikuwa amekombolewa kweli, na hakuwa huru kweli. Wapo waliotoroka. Misheni ilishangaa na kuona ni ukosefu wa shukrani. Lakini mtu akitoroka mahali anapolishwa na kuvikwa, kuna kitu alichokihitaji ambacho hakikuwa pale.

Ukienda Bagamoyo leo utaonyeshwa mbuyu mkubwa karibu na kanisa la zamani. Shinani mwake kimejitokeza kipande kifupi cha mnyororo, na sehemu yake iliyobaki imemezwa na mti. Watu wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Waongozaji husimulia vingine: mwishoni mwa karne ya 19, mwanamke wa Kifaransa aliyeitwa Madame de Chevalier, aliyekuja kuhudumia wagonjwa wa misheni, alikuwa akifunga punda wake pale, na mnyororo ukasahaulika. Mti ukaendelea kukua juu yake. Nikifikiria habari za watu wanaokuja kusaidia na kuondoka, huukumbuka ule mnyororo. Aliyeufunga hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na punda, alihitaji mahali pa kumfunga, kisha maisha yakaendelea. Aliyebaki na chuma mwilini ni mti.

Mombasa nako kuna kengele. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, miaka miwili baada ya mkataba uliolifunga soko la Zanzibar. Kengele yao ingali imesimama, na mahali pale hadi leo panaitwa Kengeleni. Maelfu hushuka matatu hapo kila siku bila kuiwazia. Lakini watu wanaonivutia zaidi katika habari ya Freretown ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hao walikamatwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kulelewa katika makao ya Sharanpur, karibu na Nasik. Walipokua, baadhi yao walirudi Afrika Mashariki. William Jones, Ishmael Semler na George David walifika pwani katika miaka ya 1860, wakafanya kazi Rabai na baadaye Freretown, wakifundisha na kuwalea waliookolewa baada yao. Jones alipewa ushemasi, na mwaka 1885 alisafiri na Askofu Hannington kuelekea Uganda.

Kwangu mimi hao ndio watu wanaostahili kusomwa kwanza na yeyote anayefikiria kujitolea. Walijua kulala katika bweni kunakuwaje. Hawakuja kuwaona watoto. Waliwahi kuwa watoto hao. Na hawakuwa na Ulaya ya kurudi Septemba.

Neno limetoka mbali

Turudi kwenye neno lenyewe. Kwa kizazi cha babu zetu, kujitolea lilikuwa neno la ujenzi wa taifa. Baada ya uhuru wanavijiji walijitolea kufyatua matofali ya shule, kuchimba mitaro, kulima barabara. Kenya waliita harambee. Mwaka 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, na kijana alitarajiwa kutoa jasho lake kwanza. Mtu alijitolea kwa watu wake, mahali alipoishi, kwa kitu atakachokitumia: darasa lile lile angesomea mwanawe.

Wageni nao walikuja mapema. Uingereza ilikuwa imeanza kupeleka vijana ng'ambo kwa mpango wa VSO mwaka 1958, na Marekani ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Inafaa kukumbuka walikuwa nani. Walikuwa wapimaji, wahandisi na wanajiolojia, walioletwa kusaidia kutengeneza barabara. Wenyeji walisema wanachohitaji, wageni wenye ujuzi huo wakaja, tena kwa miaka miwili. Hakuna aliyedhani kwamba kupenda watoto ni ujuzi unaotosha kumpandisha mtu ndege.

Kilichobadilisha mambo kilikuja polepole. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, karo zikarudi shuleni, na baadaye huduma za afya nazo zikaanza kulipiwa. Wakati huohuo, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Mwongo uliofuata ulikuwa wa mazishi. Mjomba na shangazi, ambao kwa desturi ndio wangechukua watoto wa marehemu, nao walikuwa wanaumwa. Bibi wakabaki na wajukuu sita, saba. Nairobi, mwaka 1992, Padri Angelo D'Agostino alifungua makao ya Nyumbani kwa watoto wenye virusi ambao hakuna aliyethubutu kuwachukua. Wakati ule, kabla ya dawa za kupunguza makali kupatikana bure, kazi ya waliojitolea katika nyumba kama ile ilikuwa kumshika mkono mtoto anayekufa. Mtu asiidharau kazi hiyo.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Dawa zilianza kupatikana bure kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wazazi wakaanza kuishi, na bado vituo vikazidi kufunguliwa. Kwa nini?

Sababu moja ipo ndani ya neno yatima. Kwa hesabu za UNICEF, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Hivyo mtoto mwenye mama mzima anayeuza ndizi sokoni huhesabiwa yatima ikiwa baba alikufa. Mgeni akisikia kuna mamilioni ya mayatima, huona mamilioni ya watoto walio peke yao duniani. Sivyo. Katika makao yetu, nilipopanga mafaili ya watoto, nilikuta wengi wana mzazi, bibi au shangazi aliye hai, jina limeandikwa, kijiji kimeandikwa. Sababu ya kupokelewa, katika faili baada ya faili, ilikuwa umaskini, na hasa shule. Kituo kilikuwa na uji, dawa na sare. Mama mwenye akili, asiye na karo, alimleta mwanawe mahali ambapo angesoma. Alimtoa mtoto nyumbani kwa sababu msaada haukukubali kwenda nyumbani kwake. Msaada ulikuwa na anwani moja tu, nayo ilikuwa na geti.

Sababu ya pili ni kwamba geti hilo lilianza kuleta fedha. Kampuni za usafiri ziligundua kwamba kuna vijana walio tayari kulipa ili wakae wiki mbili na watoto, kisha wapande mlima, kisha waende mbugani. Pale fedha inapofuata idadi ya watoto, mwenye kituo hana haraka ya kumrudisha mtoto kwao. Sisemi kila kituo kilifanya hivyo. Chetu kilihangaika kweli kweli na bili za maji. Lakini hata kituo chema kilijikuta kinahitaji watoto wawepo wakati wageni wanakuja.

Bangili tisa

Yule mvulana wa kaptura ya kamba alilala kitanda cha chini, karibu na dirisha. Kwenye mguu wa kitanda alikuwa amefunga bangili za nyuzi, zile ambazo wageni husuka na kumvisha mtoto siku ya kuaga. Nilizihesabu: tisa. Alikuwa na miaka sita.

Sherehe za kuaga zilikuwa Ijumaa. Keki, wimbo, machozi. Mgeni alilia zaidi ya watoto. Mwanzoni niliona ni uimara wao. Jumatatu alipokuja mwingine, watoto walimkimbilia, wakamrukia mgongoni, wakamshika mikono miwili miwili, na mgeni akasema walichosema wote: watoto hawa wana upendo wa ajabu, wamenizoea kwa dakika tano. Mama mlezi aliyesikia hayo akiwa anaanika nguo aliniambia taratibu: "Wangu wa kuzaa akikutana na mtu asiyemjua hujificha nyuma ya khanga yangu. Ndivyo mtoto anavyotakiwa kuwa."

Hakuwa amesoma saikolojia, lakini alikuwa amesema jambo ambalo wataalamu wamelifanyia kazi kwa zaidi ya nusu karne. John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 kwamba mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja wa kudumu wa kumshikilia, kama anavyohitaji chakula. Huko Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao walihamishiwa kwenye familia za malezi. Waliopata familia, hasa mapema, waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki kituoni. Na mwaka 2010 Linda Richter na Amy Norman, wakiandika kuhusu nchi za kusini mwa Afrika, waliitaja biashara hii kwa jina lake: utalii wa mayatima wa UKIMWI. Walionya kwamba wimbi la watu wanaokuja na kuondoka humfanya mtoto aachwe tena na tena, wakati kuachwa ndilo jeraha alilokuja nalo.

Sheria nazo zimeanza kusogea. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo inayosema familia kwanza, kituo mwisho. Mwaka huohuo Tanzania ikapata Sheria ya Mtoto. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na kuanzia 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, likagusa waziwazi madhara ya kujitolea kwenye vituo vya mayatima. Yapo makao yatakayobaki, kwa sababu wapo watoto ambao kwa muda fulani hawana kwingine. Lakini makao yanayobaki yanahitaji walezi wanaolipwa na kudumu kuliko yanavyohitaji wageni.

Begi

Ningependa kumalizia kwa lawama kwa wengine, lakini daftari langu si safi.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, nilipigiwa simu. Shule moja binafsi Dodoma ilihitaji mwalimu wa historia, mshahara upo, niripoti Jumatatu. Mama mlezi alinipongeza, kisha akasema: "Waage mapema. Waambie siku. Wahesabu." Nikasema nitafanya hivyo. Alhamisi nikasema kesho. Ijumaa asubuhi niliwapanga mstari, nikawafunga vifungo, nikawasindikiza hadi barabarani, nikasema tutaonana mchana. Saa nne nilikuwa ndani ya basi. Nilijiambia kwamba ninawaepushia machozi. Wale mabinti wa Ulaya, na keki zao na bangili zao, angalau walisema kwaheri.

Nilirudi baada ya mwaka na miezi mitatu, likizo ya Desemba. Mama mlezi alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu, umenenepa." Mvulana hakuwepo. Ofisa ustawi alikuwa amempata bibi yake Rombo, wakamfuatilia kwa miezi kadhaa, na sasa anaishi kwake, anasoma shule ya msingi kijijini, na kituo kinapeleka huko fedha za sare. Nilifurahi. Nikauliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, siku ile niliyoondoka ilikuwaje.

"Alipotoka shule alikwenda chumbani kwako kuangalia kama begi lipo," alisema. "Halikuwepo. Akaja kula."

Hakuniambia zaidi ya hapo, wala hakunigombeza. Alinyanyua beseni, nikashika upande wa pili, tukalipeleka kambani.

Ikiwa wewe unayesoma hapa unafikiria kwenda mahali kama pale, mwaka huu au siku yako ya kuzaliwa, sitakukataza. Nenda kwanza kaulize akina mama walezi wamelipwa lini mara ya mwisho. Uliza kama mchango wako unaweza kumfikia bibi aliyeko kijijini, ili mjukuu asihitaji geti. Uliza watoto wanahitaji mwalimu wa hesabu wa mwaka mzima au mtu wa kuziba paa kwa siku moja. Siku moja ya kuziba paa haimvunji mtu moyo. Simu iache mfukoni. Na ukikabidhiwa beseni, pokea.

Kabla sijaondoka siku ile, mlinzi aliniletea daftari la wageni nisaini, kwa sababu sasa nilikuwa mgeni. Nikaandika tarehe, jina, nitokako. Kwenye sababu ya kuja nikaandika: kufua. Kisha pembeni, mahali ambapo hapakuwa na safu, nikaandika: naondoka leo saa kumi jioni. Watoto wawili waliokuwa wakinichungulia begani walisoma kwa sauti, mmoja akaitazama saa ya ukutani, wakarudi kucheza.